Shina la Mhogo Mlangoni kwa Bwana Nyama

Kiboko aliyekuwa akila mhogo wa Somoe aliitwa Mkaguzi. Jina hilo alipewa na Bernardino, Mmakonde wa ng'ambo aliyevuka mto Ruvuma wakati wa vita na ambaye, Msumbiji ilipopata uhuru, alisema kuvuka mara moja kunatosha. Sababu zake alizieleza hadharani: kiboko yule huja bila taarifa, hula vizuri, hutembea shambani akiacha alama za miguu, kisha huondoka, na baada ya hapo hakuna kinachobadilika. Watu walicheka sana. Katibu wa kijiji akawaomba wapunguze sauti, maana mkaguzi wa kweli alikuwa ndiyo kwanza ameondoka na gari lake lilikuwa bado linasikika upande wa Kitaya.

Somoe alicheka pia, ila kicheko chake kilikuwa cha kuwaridhisha wenzake. Kijiji cha Nambweni kilijengwa kwa haraka mwaka wa operesheni ya vijiji. Watu walitolewa kwenye mikorosho yao wakapangwa kwenye mistari ya nyumba, na mashamba nayo yakapangwa bega kwa bega, kutoka ukingo wa mto mpaka nyuma ya shule. Mistari ilinyooka hata Bwana Shamba akaipiga picha. Kiboko naye aliipenda. Zamani, mashamba yalipokuwa vipande vipande katikati ya vichaka, ilimbidi atafute. Sasa alipanda ukingo, akaingia tuta la kwanza, akafuata mstari akila taratibu mpaka ashibe, bila kupotea hata hatua moja.

Tuta la kwanza lilikuwa la Somoe.

Alikuwa mjane, na mama yake mzazi, ambaye macho yalikuwa yamepungua nguvu, alitegemea shamba hilohilo. Mwaka uliopita Bwana Shamba alipokuja kupima mazao alikuta matuta yaliyokanyagwa na mashina yaliyong'olewa. Karatasi yake ilikuwa na sehemu ya wachapakazi na sehemu ya wazembe. Sehemu ya walioliwa na kiboko haikuwepo. Somoe akaandikwa mzembe, na Mwenyekiti Issa Nachundu akamwambia kwa upole mkubwa kwamba akikutwa hivyo mara ya pili, shamba la mtoni atapewa mwingine, naye atahamishiwa kwenye mchanga nyuma ya shule, ambako mhogo ulitoka mwembamba kama kidole cha mgonjwa.

Alikwisha kulalamika. Bwana Nyama wa wilaya, afisa wa wanyamapori, alikuwa na bunduki lakini hakuwa na risasi. Risasi zilipofika, petroli ilikuwa imekwisha. Petroli ilipopatikana, Bwana Nyama mwenyewe alikuwa semina.

Mambo yakiwa hivyo, ikaja habari kwamba Nambweni imeshinda zawadi ya korosho. Korosho zenyewe zilitoka kwenye mahame yao ya zamani, walikokatazwa kurudi, lakini zilipofika ghalani hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Zawadi ilikuwa safari ya Dar es Salaam kwa wajumbe wa kijiji, kwa lori la serikali. Aliyeileta habari ni Lukasi, Afisa Maendeleo, kijana aliyemaliza chuo kikuu mwaka uleule, mwenye viatu vya raba na moyo safi kabisa. Aliamini kila neno alilolitamka. Watu walikuwa wamezoea maofisa wasioyaamini maneno yao, kwa hiyo huyu walimwonea huruma na kumsikiliza.

"Ndugu zangu," alisema mbele ya mkutano, akining'iniza picha kubwa ya wanyama kwenye ukuta wa ghala, "mtaona maonyesho ya Sabasaba, mtaona bandari, mtaona viwanda. Lakini mji peke yake hautoshi. Serikali imekubali mtembelee pia mbuga ya wanyama, mwone utajiri wa nchi yenu. Mbuga ipi, mtaamua ninyi wenyewe."

"Tunashukuru," alisema Mwenyekiti Nachundu akisimama. "Tumeamua Serengeti."

"Tumeamua lini?" aliuliza Bernardino.

"Sasa hivi. Nimeamua kwa niaba yenu."

Lukasi alieleza kwa adabu kwamba kutoka Dar es Salaam mpaka Serengeti ni mbali mno.

"Kwani tunakwenda kwa miguu?" alisema Mwenyekiti. "Jina la Serengeti linajulikana hata Ulaya. Mtu akitoka huko, akisema jambo kwenye mkutano wa wilaya, atasikilizwa."

"Ipo pia Ngorongoro," alisema Lukasi, akionyesha picha. "Hili ni shimo kubwa sana, na ndani yake mna wanyama wa kila aina. Wote wamo humo pamoja."

Mariamu, jirani yake Somoe, aliinua mkono. "Waliingia wenyewe au walipelekwa?"

Katibu alikohoa. Lukasi alisema wapo tu, tangu zamani, kila mnyama na sehemu yake.

"Na wamepangwa mistari?"

"Hapana, mama."

"Basi hao bado hawajafikiwa," alisema Mariamu, akakaa.

Lukasi akaitaja Mikumi, ambako simba hulala kando ya barabara na magari yanapita. Mwenyekiti hakupendezwa. Alitaka kujua simba anayelala barabarani ni simba au ni mlevi. Mzee mmoja wa nyuma aliuliza kama huko kwenye mbuga watu wanaruhusiwa kuonja. Mkutano ukachangamka kama harusi, kila mtu na mnyama wake, mpaka Somoe aliposimama na kufunga vizuri kanga yake kiunoni.

"Mwanangu Lukasi, mimi nina swali dogo. Hawa wanyama ni wa nani?"

Macho ya Lukasi yaling'aa, maana hilo ndilo swali alilokuwa akilingojea tangu atoke chuo. "Ni wetu sote, mama. Ni mali ya wananchi wote."

Mwenyekiti alipiga makofi, na wengine wakamfuata.

"Kiboko naye?"

"Hata kiboko."

"Sawa. Sasa mali ya watu wengi lazima awepo wa kuiangalia. Viboko wanaangaliwa na nani?"

Lukasi alifikiri. Alisema kila mbuga ina Bwana Nyama wake. Kwa upande wa viboko, alikumbuka mbuga moja ndogo iitwayo Matandula, ng'ambo ya Rufiji, njiani kabisa wakati wa kurudi. Haikuwemo kwenye picha. Tembo wake walikuwa wachache na simba hawakuwa wa uhakika, ila viboko walijaa bwawani kama mawe, na nyumba ya Bwana Nyama ilikuwa palepale kando ya bwawa.

"Asante," alisema Somoe. "Mimi nachagua Matandula."

Watu waliangua kicheko. Kwenda mpaka Dar es Salaam na kurudi ili kutazama viboko, mtu aliye na kiboko wake mwenyewe nyumbani. Bernardino akasema, "Huyu amekumbuka shemeji zake."

Lakini Somoe alijua anachokitaka. Nambweni, kama vijiji vyote walikotoka, palikuwa na njia ya kumaliza maneno ya mifugo. Mbuzi wa mtu akila shamba lako, hugombi. Unang'oa shina lililoliwa, unalilaza kwenye kizingiti cha mwenye mbuzi, unakaa kando, unanyamaza. Iliitwa kuweka shina. Mwenye mnyama haruhusiwi kutia chakula kinywani mpaka ajibu atafanya nini, na shina haliondolewi mpaka jibu limpendeze aliyeliweka. Hakuna aliyewahi kukaa muda mrefu, kwa kuwa njaa husuluhisha haraka kuliko baraza. Taabu ya Somoe ilikuwa kwamba hakukijua kizingiti cha mwenye Mkaguzi. Sasa ameambiwa kipo, na kipo njiani.

Kura ingepigwa baada ya sala ya Ijumaa. Somoe alianza kuzunguka.

Kwa Mariamu hakukaa sana. Binti yake Mariamu alikuwa unyagoni na karibu angetolewa. "Ukienda Serengeti," alimwambia, "utarudi umkute mwanao ana watoto." Mariamu akahesabu kimyakimya, akakubali. Kwa katibu, Josephu, alizungumza habari ya petroli, na lile agizo la magari kutotembea Jumapili mchana, na nani ataulizwa lori likilala porini Jumapili. Josephu alikuwa mtu wa kuogopa kuulizwa. Bernardino alimkuta akichonga mpini wa jembe, na kabla hajafungua mdomo yule mzee akamkatiza.

"Mtani wangu, usijichoshe. Hata ukisema twende tukaangalie kuku, nitakupigia kura, mradi Nachundu anune."

Akabaki Mwenyekiti. Somoe alimkuta barazani akijifunza kulitamka Serengeti kwa sauti ya redioni.

"Mwenyekiti, nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini tena, dada?"

"Nimesikia Serengeti wanakwenda mawaziri. Wanakwenda mabalozi. Sasa nikawaza, siku utakayofika wewe, nani atakutazama? Utaambiwa usubiri pembeni na sisi."

Mwenyekiti alisogeza kiti karibu.

"Matandula hakujafika ujumbe wa kijiji hata mmoja. Kitabu cha wageni kitaanzia kwako."

"Kitabu kipo?"

"Mwenyekiti, umewahi kuona ofisi ya serikali isiyo na kitabu cha wageni?"

Ijumaa, kabla ya mikono kuinuliwa, Mwenyekiti Nachundu aliomba nafasi. Alisema amefikiri kwa kina. Alisema Serengeti na Ngorongoro ni za watalii, watu wa anasa, na Mikumi ina simba wavivu, na uvivu ni adui wa taifa. Mjamaa wa kweli huchagua mbuga ya hali ya chini inayofanana naye. Lukasi aliyasikia maneno hayo akaguswa sana, akasema yatamfaa kwenye ripoti. Matandula ikapita bila mpinzani, na wengi waliondoka wakiamini kwamba Mwenyekiti ndiye aliyeigundua.

Asubuhi ya safari, Somoe aliteremka shambani. Mkaguzi alikuwa amepita. Alichagua shina lenye alama za meno zinazoonekana vizuri, na mizizi iliyosagwa nusu, akalifunga kwenye kanga kuukuu. Mama yake aliyeachwa chini ya uangalizi wa jirani alilipapasa shina lile, akapitisha kidole kwenye alama za meno, akasema, "Ukae mpaka ajibu."

Lori lilipita Naliendele, ambako wataalamu wa mikorosho walitoka nje kuwapungia mikono, likaingia Mtwara, wakalala mtaa wa Chuno kwa ndugu na jamaa, kisha likashika njia ya Lindi na vumbi lake. Njia nzima watu walimdhihaki Somoe kwa lile furushi.

"Watu wanakwenda mjini na nguo za kubadilisha," alisema Bernardino, "yeye amebeba mabaki ya Mkaguzi."

"Mtani, ungeniacha. Huyu ni shahidi wangu."

Dar es Salaam waliiona. Waliona trekta lililopakwa rangi mpya, lililowekewa kamba ili lisiguswe. Waliona banda la mkoa mwingine lenye mihogo minono iliyovishwa utepe, na msichana aliyefundishwa kusema kwamba siri yake ni kulima kwa mistari. Somoe aliikodolea macho ile mihogo kwa muda mrefu. Alimuuliza yule msichana kama kwao kuna mto. Msichana akasema hapana. "Basi ndiyo siri yenyewe," alisema Somoe, akaenda zake. Mwenyekiti alinunua miwani ya jua, na tangu hapo hakuivua hata ilipoingia jioni.

Wakati wa kurudi wakavuka Rufiji kwa pantoni, na kesho yake kabla ya adhuhuri wakaingia Matandula.

Bwana Nyama wa huko alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sare ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikakakamaa kama karatasi. Wageni alikuwa hawapati, kwa hiyo alifurahi sana kuwaona. Kitabu cha wageni kilitolewa, na kweli kilikuwa kitupu. Mwenyekiti Nachundu aliandika jina lake kwa herufi zilizochukua ukurasa mzima. Kisha wote wakaongozwa bwawani, ambako viboko walikuwa wamelala kama Lukasi alivyosema, migongo nje, masikio yakitikisika.

"Hawa," alisema Bwana Nyama akinyoosha mkono, "ni wanyama wapole. Hawana madhara kwa mwananchi. Ni marafiki zetu."

"Wanakula nini?" aliuliza Mariamu.

"Majani."

"Majani ya nani?"

Somoe hakusikia jibu. Alikuwa amegeuka, akaenda mpaka kwenye nyumba ya Bwana Nyama, akafungua furushi, akalaza shina kwenye kizingiti, akakaa kando kwenye kivuli cha ukuta, mikono magotini.

Baada ya muda alitoka mwanamke na ndoo. Akataka kulivuka lile shina, mguu ukasita hewani. Akaurudisha. Akalitazama shina, akamtazama Somoe, akasalimu kwa sauti ya chini kwa Kimakonde. Aliitwa Agnes, mke wa Bwana Nyama, na kwao ilikuwa Newala.

"Ni mume wangu?" aliuliza.

"Ni wanyama wake."

"Wamekula kiasi gani?"

"Mwaka jana karibu lote. Mwaka huu bado hawajamaliza."

Agnes aliirudisha ndoo ndani. Akarudi na maji ya kunywa kwenye kata, akampa mgeni, na akaenda kuepua chungu cha wali motoni.

Bwana Nyama aliporudi na ujumbe wake, akipangusa jasho na kuulizia chakula, alikuta shina mlangoni, mwanamke asiyemjua amekaa kando, na mke wake amesimama kizingitini amekunja mikono. Yeye alikuwa mtu wa bara, mambo ya kuweka shina hakuyajua. Alidhani ni zawadi.

"Oo, mmetuletea mbegu kutoka kusini. Asanteni sana. Mke wangu, pakua basi."

"Hakuna kupakua," alisema Agnes. "Jibu kwanza."

"Nijibu nini?"

Agnes akamweleza. Bwana Nyama alicheka, halafu akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka, hata Mwenyekiti mwenye miwani ya jua, ambaye nyumbani aliwahi kuwekewa shina na kumbukumbu yake ilikuwa bado tumboni. Harufu ya wali wa nazi ilitoka mlangoni, ikampita Bwana Nyama, ikaenda zake.

"Mama," alianza, "kiboko wa Ruvuma si wangu. Wangu ni hawa, walio ndani ya mpaka. Huyo wa kwenu yuko nje ya mbuga."

"Ni wa nani basi?"

"Huyo yuko chini ya idara nyingine."

"Nimekwenda idara hiyo. Walisema niulize wakubwa."

"Kwa kweli, mama, kwa mujibu wa sheria..." Alitazama ndani, ambako Agnes alikuwa anafunika chungu kwa makusudi. "Kwa mujibu wa sheria, wanyama hawa hawana mtu mmoja mwenye mali. Ni wa wananchi wote."

"Na hawa wako, hawali mashamba?"

"Hawa? Hata kidogo. Hawa wanajua mipaka yao."

Jibu hilo halikumpendeza Somoe, na shina likabaki palepale. Wajumbe walikaa chini ya miti wakingoja. Bernardino alisema safari hii imeanza kumpendeza. Jua likasogea kidogo. Agnes akaja akamwambia Somoe, "Dada, twende nikakuonyeshe pa kujisaidia," akampeleka nyuma ya nyumba.

Huko nyuma palikuwa na bustani. Nyanya zilikuwa zimewiva, na mchicha ulikuwa umejaa vizuri. Kuizunguka bustani yote palikuwa na handaki lenye kina cha kumfika mtu kifuani, kuta zake zimesimama wima, udongo wake umerundikwa upande wa ndani. Somoe alisimama ukingoni. Aliinama, akapima kwa jembe lililokuwa limelala hapo, mara moja kwa kina na mara moja kwa upana.

"La nini hili?"

"La hao wapole," alisema Agnes. "Mwaka wa kwanza walikula kila kitu, hata kamba ya kuanikia nguo. Mume wangu akaleta vibarua wakachimba. Kiboko ana tumbo zito na miguu mifupi, dada. Akifika hapa anasimama, anatazama, anaondoka. Lakini mume wangu hapendi wageni waletwe huku. Anasema haipendezi kwa mtu wa kazi yake."

Somoe aliangalia nyanya, akaangalia handaki, akacheka kwa mara ya kwanza tangu watoke Mtwara.

Aliporudi mbele ya nyumba, Bwana Nyama alikuwa amekaa kwenye kiti, kola imefunguliwa, uso wa mtu aliyefunga bila nia.

"Baba," alisema Somoe, "umesema kiboko ni wa wananchi wote. Utalirudia mbele ya Mwenyekiti wangu?"

"Nitalirudia hata mara mia, mama."

Akalirudia. Mwenyekiti, kwa mazoea, akapiga makofi.

"Basi nimeridhika na wewe," alisema Somoe, akaokota shina, akalifunga tena kwenye kanga. "Nyanya zako nzuri sana."

Bwana Nyama alikula wali wake bila kuinua macho.

Walirudi Nambweni siku ya tatu. Watu walikusanyika kusikia habari za mji, na Mwenyekiti akahutubia mpaka sauti ikakauka. Alipomaliza alikwenda nyumbani kula. Mlangoni kwake alikuta shina la mhogo, limekauka kwa safari lakini alama za meno bado zinasomeka, na Somoe amekaa kando.

"Dada Somoe, mimi sina kiboko."

"Ni wa wananchi wote. Ulipiga makofi mara mbili, hapa na kule."

"Nilikuwa naunga mkono kauli ya serikali."

"Nami naiunga mkono. Kama ni wetu sote, basi anachokula ni hasara yetu sote. Mbona ninailipa peke yangu? Na wewe ndiye mwenyekiti wa hao wote. Kizingiti ni hiki."

Mwenyekiti Nachundu alijaribu. Alipita kwa dada yake, akaambiwa moto umezimika. Alipita kwa Josephu, ambaye alikuwa anatafuna kitu na akakimeza bila kukitafuna zaidi. Kwa Mariamu palikuwa na ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa, imewekwa sahanini wazi kabisa, lakini Mariamu alikuwa amekaa mbele yake na hakumkaribisha. Kwa Bernardino alikaribishwa, akapewa kiti, akapewa maneno.

"Mtani, kaa hapa tuongee habari za Serengeti. Nyumbu wanakula nini vile?"

"Bernardino, nina njaa."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza habari za chakula."

Alasiri ilipoingia, Mwenyekiti alirudi kwake akaketi mbele ya Somoe na shina katikati yao.

"Unataka nini?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu Dar es Salaam aliivua ile miwani.

"Handaki. Kina cha kifua, kuta wima, kutoka kwa Mariamu mpaka kwenye ule mkuyu wa mwisho wa mashamba. Si kwangu tu. Matuta yote ya mtoni. Na tuchimbe wote, siku ya kazi ya ujamaa, kabla Bwana Shamba hajaja kupima."

"Siku hiyo tumepanga kupaka chokaa mawe ya barabarani kwa ajili ya mgeni."

Somoe alinyamaza. Kutoka jikoni mkewe Mwenyekiti aligonga mwiko kwenye sufuria, mara moja tu, kana kwamba kwa bahati mbaya.

"Chokaa itangoja," alisema Mwenyekiti.

Walichimba. Wanaume na wanawake, na walimu wa shule, na Josephu ambaye hakuwahi kuonekana na jembe tangu achaguliwe. Walikuja hata wale wa mashamba ya juu, ambao Mkaguzi hakuwahi kuwafikia. Mmoja wao alisema amekuja kwa kuwa kiboko ni wake pia. Kuna saa fulani, jua likiwa kali na handaki limefika magotini, Somoe aliinua kichwa akaona mgongo baada ya mgongo umeinama mpaka kwenye mkuyu, akalazimika kujifanya jasho limemwingia machoni. Maneno haya aliyasikia kwenye mikutano miaka mingi, bega kwa bega, na hakuwahi kuona sura yake. Mwenyekiti alisimama juu ya udongo akieleza kwamba huu ni utaalamu alioupata ziarani. Hakuna aliyempinga, kwa kuwa alikuwa ameshika sepeto.

Bwana Shamba alikuja wakati wake. Alipima shamba la Somoe tuta kwa tuta, akang'oa mashina hapa na pale, akaangalia mhogo uliojaa, akaandika kwenye sehemu ya wachapakazi. Akamuuliza kama amebadilisha mbegu. Somoe akamwambia hapana, amebadilisha chakula cha Mwenyekiti, na Bwana Shamba, ambaye alikuwa na haraka, hakutaka kuelezwa zaidi. Shamba la mtoni likabaki la Somoe.

Lukasi alifika siku chache baadaye kuchukua ripoti ya ziara. Alimkuta Somoe anamenya mhogo wa makopa kando ya handaki, mama yake amekaa karibu akipapasa maganda. Kijana akachuchumaa, akafungua karatasi zake.

"Mama, nimeandika kwamba wananchi wa Nambweni wamerudi na mapenzi makubwa kwa wanyamapori. Ni kweli?"

Ng'ambo ya handaki, majini, Mkaguzi alikuwa ametoa macho na masikio. Somoe alimtazama kwa muda.

"Mapenzi uyaache kwanza, mwanangu. Andika kwamba tumejuana."

Lukasi alisita, kisha akaandika. Halafu akaona kwamba upande wa mkuyu ukuta wa handaki umeanza kumong'onyoka kwa umande na nyayo za mbuzi, akavua viatu vyake vya raba, akaviweka vizuri juu ya ripoti zisipeperuke, akateremka ndani na jembe.